Kanga Aliyekunjika Kiuno

Kuku wa Shangazi walikuwa wakilala na ulinzi kuliko waziri, na wenyewe hawana habari. Kila jua likizama Shangazi aliwaswaga bandani, akamtukana jogoo kidogo asije akajiona bwana wa nyumba, kisha akafunga mlango na kupachika chuma kirefu cheusi kwenye vikulabu viwili. Chuma chenyewe kilikuwa na masizi juu ya kutu, na kinyesi cha kuku juu ya masizi. Aliyeuliza ni nini alijibiwa, "Komeo." Na kweli kilikuwa komeo. Ila kabla ya kushushwa cheo kilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, na kilikuwa na jina lake. Jina hilo ndilo lililomkaa Bi Bisibisi kooni kama mwiba wa samaki.

Bi Bisibisi alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mama yake mzazi alishaliacha. Alipokuwa bado anapita chini ya meza bila kuinama, aliifungua cherehani ya Bibi yake mpaka ikabaki gurudumu na aibu. Wakubwa wakakimbilia fimbo. Bibi akawazuia mlangoni.

"Mwacheni. Aliyefungua ndiye atakayefunga."

Akakaa naye sakafuni, miguu wameinyoosha, wakazirudisha skrubu moja moja. "Kila skrubu ina shimo lake," Bibi alimwambia, "kama kila mke ana jiko lake. Ukizibadilisha zitaingia, lakini hazitaelewana." Cherehani ilipokamilika ilitoka na mbio mpya, wapo wanaoapa kwamba ilipinda shuka zima kabla haijatiwa uzi. Tangu siku hiyo mtoto akawa Bisibisi, na alipokua na kuolewa, watu wakaongeza Bi kwa heshima.

Huyo Bibi alikuwa mwongo wa daraja la kwanza, Mungu amrehemu. Uongo wake ulikuwa mtamu hata ukweli ukaona haya kuingia chumbani. Na katika uongo wake wote, watoto waliupenda ule wa kanga.

"Enzi zangu za kulinda mashamba," alikuwa akisema, "nilikuwa na kanga wangu mmoja. Si kanga wa kutaga, kanga wa kazi. Akila, anakula punje mbili tu, hali ya tatu hata umpigie magoti. Akishiba anatulia begani pangu. Akija nguruwe mwitu kuchimba mihogo, kanga wangu analia mara moja tu, nguruwe anakufa kwa kuona haya, na wenzake wanahamia wilaya nyingine na mizigo yao."

Watoto waligaagaa kwa kicheko. Bisibisi peke yake ndiye aliyeuliza swali la fundi. "Bibi, anafungua mdomo vipi akila?"

"Wewe! Kanga wangu hafungui mdomo kama kuku wa watu. Hukunjika kiuno akila, akinyooka ndiyo analia."

"Kiuno? Kwani ana bawaba?"

Bibi alimtazama mjukuu wake, akacheka mpaka meno yake machache yakatikisika. "Huyu," alisema, "huyu ndiye."

Ndiye nani, hakusema.

Miaka ikaenda, ikamchukua Bibi nayo. Siku yake ya mwisho alikuwa kitandani kwa Shangazi, ukoo wote umejipanga ukutani kama viatu. Akafungua macho, akasema kwa sauti ya kutosha, "Kanga wangu apewe Bisibisi."

"Wangu?" akasema Shangazi. "Kanga yule wa hadithi?"

"Labda aliliwa zamani," akanong'ona mtu, na wawili watatu wakaziba midomo.

"Masikini, homa imeingia ulimini," Shangazi akaamua. "Anataka kusema kanga yangu." Akafungua sanduku, akatoa kanga, kipande kimoja kilichobaki cha doti, kilichofuliwa mpaka ukikiinua unamwona jirani upande wa pili. Akamwekea Bisibisi mapajani. Bibi akajaribu kusema neno, pumzi ikamkatalia.

Basi mwingine alipata kitanda cha chuma, mwingine sufuria kubwa, mwingine miche ya michungwa. Bi Bisibisi akapata kitambaa. Mtaani wakamtania miaka na miaka. "Fundi, urithi wako haujachanika?" Naye akacheka nao, kwani mcheshi alikuwa. Lakini usiku mmoja alimwambia mumewe, "Mikono yote hii nimeipata kwake. Skrubu ya kwanza nilishika kwake. Halafu ananiachia tambara la kudekia?" Mumewe, mtu mpole, alijibu kwamba kanga ni kanga. Akaambiwa ageukie ukutani alale.

Mume huyo alikuwa fundi cherehani, anashona nguo. Mke alikuwa fundi wa cherehani zenyewe. Walikaa chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara: mume upande wa dirisha na mikasi yake, mke upande wa ndani na jiliwa lake la kubania vyuma, tupa zake, makopo ya skrubu, na chupa ya mafuta yenye mdomo mwembamba kama wa ndege. Cherehani zililetwa kwake zimebebwa kichwani kama wagonjwa, zikirudi zinaimba. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuwahi kutoa kazi mlangoni bila kuing'arisha. "Mteja hasikilizi mashine," alikuwa akisema, "anaitazama." Na ile kanga ya Bibi ilikaa kwenye droo ya chini, imekunjwa, haijawahi kugusa tone la mafuta. Ilimchoma, lakini hakuthubutu kuitumia.

Sasa ikatokea asubuhi moja Bi Bisibisi yuko kwa Shangazi, kaitwa kutazama cherehani iliyogoma. Mara gari la matangazo likapita barabarani, linapayuka: kila mwenye silaha ya zamani, iwe nzima iwe mbovu, aipeleke kituoni, itakatwa, atakayeificha atajieleza mahakamani.

Shangazi akaangusha kikombe. "Mungu wangu. Komeo!"

"Komeo limefanya nini?"

"Ile ni bunduki ya marehemu baba! Nilipofagia dari la jikoni nikaikuta imesokomezwa guniani. Mlango wa banda ulikuwa hauna komeo, nikasema, lo, si hiki hapa? Mwanangu njoo! Njoo na msumeno wako!"

Mwanawe, binamu yake Bi Bisibisi, alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanamume wa makamo mwenye kitambi cha furaha. Mtu huyu hakuwahi kuona chuma kizima. Kila alichokitazama alikiona kimeshapimwa mizani. Akachomoa komeo bandani, kuku wakatoka mbio kama wafungwa waliosamehewa, na akaanza na msasa kwenye ncha ya mtutu mmoja aone chuma ni cha aina gani. Akasugua kwa nguvu zake zote. Pakatokea weupe unaong'aa, upana wa kidole gumba.

"Chuma safi," akasema. "Nakata vipande, nachanganya na vyuma vya mabehewa ya—"

"Lete hapa," akasema Bi Bisibisi.

"Dada, utajichafua."

"Lete hapa, kabla sijakufungua nikashindwa kukufunga."

Akapokea. Ilikuwa nzito, lakini uzito wake ulijua pa kukaa. Akafikicha kwa kidole gumba pale mitutu inapokutana na mti wa kitako, masizi yakatoka, kikaonekana kichwa cha skrubu, kidogo kama mbegu ya ufuta. Mkato wake ulikuwa mwembamba kama unywele. Akafikicha pembeni yake, kikatoka kingine. Na kingine. Vichwa vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, mikato yake imefuata urefu wa mtutu, kama watu wa safu moja wanaotazama mbele.

Bi Bisibisi alikuwa amekaza skrubu tangu utotoni, na alijua kwamba skrubu husimama inapotaka yenyewe. Ili zote zilale hivyo, mtu alikaa na kila moja, akaisaga, akaijaribu, akaitoa, akairudisha, mpaka ikatii. "Aliyetengeneza hii," akasema taratibu, "hakuwa anatengeneza komeo."

Akaifunga gunia, akaipeleka kituoni mwenyewe, Shangazi nyuma yake anatubu njia nzima.

Afande wa silaha alikuwa mama mmoja mnene asiye na haraka, miwani kichwani, mingine puani. Akaikunja ile bunduki kwa taabu, ikalia kama mlango wa kaburi. Akachungulia mitutu, hamna kitu ila kiota cha nyigu. Akachomoa pini za kufyatulia, akazitia mfukoni. "Sasa hii ni fimbo," akasema. "Haiwezi kupiga hata chafya. Lakini sheria ni sheria, mama. Mwisho wa mwezi anakuja mtathmini kutoka makumbusho. Akisema ni kitu cha kale chenye thamani, inabaki na ukoo hivi hivi bila pini. Akisema ni chuma, inakwenda na zile." Akaelekeza kidole pembeni: rundo la mabunduki yamelala kama kuni.

"Naweza kuisafisha?"

"Safisha, uirudishe siku ya mtathmini. Ila nimeona wengi wakisafisha mpaka thamani ikaondoka na maji."

Maneno hayo yalimfuata Bi Bisibisi mpaka jiliwani. Binamu naye alifuata, kashika msasa na kopo la rangi nyeusi. "Dada, sikiliza mtu wa chuma. Piga msasa, piga rangi, mti upake vanishi. Mtathmini akija ajione sura yake humo, atasaini kabla hajaketi."

Na uongo dhambi: mkono wa Bi Bisibisi ulishafika kwenye brashi ya waya. Maisha yake yote aling'arisha. Akaiinua, akaisogeza kwenye chuma, kisha jicho likaangukia ile alama nyeupe ya binamu pale ncha ya mtutu. Akaikaribia. Kwenye ukingo wa weupe kulikuwa na mistari myembamba imechongwa, inakuja, inakuja, ikifika kwenye weupe inakatika kama njia iliyoingia mtoni.

Akaiweka brashi chini. "Binamu, hapa palikuwa na nakshi."

"Iko wapi?"

"Kwenye msasa wako."

Binamu akautazama msasa, akaugeuza, akautia mfukoni polepole kama mtu anayeficha mfupa. "Basi nitakwenda kuwatafuta wale kuku," akasema, na akaondoka.

Ndipo kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kutofanya. Alichonga bisibisi mpya kwa tupa, akaisaga mpaka ikakaa kwenye mkato kama ulimi mdomoni, kwa sababu bisibisi ya dukani ingeuchana. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi, mahali pake, asije akaipeleka jiko la mwenzie. Chuma alikidondoshea mafuta ya cherehani, akakiacha kinywe. Wateja wakaja, wakakuta fundi ameketi anatazama.

"Umeumwa?" mumewe akauliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kutu iage."

Kutu ilipolegea, aliitoa kwa kijiti cha mti alichokichonga ncha, mstari kwa mstari, asitumie chuma juu ya chuma. Mti wa kitako aliufuta uchafu, akausugua mafuta kwa kiganja chake mpaka ukapata joto, na mishipa ya mti ikaanza kujitokeza, kahawia na asali. Lakini mabamba mawili ya ubavuni yalikataa. Palikuwa na nakshi chini, alihisi kwa ukucha, ila masizi ya dari la jikoni yalikuwa yamegandamana humo kama lami. Ilitakiwa nguo ya kufutia, laini kuliko laini, isiyoacha nyuzi.

Mumewe akamletea vipande vyake vya kila aina. Vyote vipya, vina wanga, vinakwaruza. "Nguo lazima iwe imefuliwa mpaka imekata tamaa," akasema Bi Bisibisi, na neno lenyewe likamsimamisha. Akaitazama droo ya chini.

Alikaa mbele ya droo ile kama mtu aliyefika kwa mkwe mikono mitupu. Mwishowe akaivuta, akaitoa kanga ya Bibi. "Nisamehe, Bibi. Kama ulinipa tambara, basi leo liwe tambara." Akachovya pembe yake kwenye mafuta, akaanza kufuta bamba la kulia, duara dogo dogo.

Masizi yakatoka. Pakatokea nukta. Akafuta, nukta haikutoka. Ikatokea nyingine, na nyingine, vidoa vimetapakaa kama ndui. "Kutu imetoboa," akamwambia mumewe. "Imekula chuma, imeacha mashimo. Basi tena." Shangazi, aliyekuwa mlangoni ameleta matunda ya kuombea msamaha, akaingia kutazama msiba.

Bi Bisibisi aliendelea kufuta kwa ukaidi tu. Lakini vile vidoa vilikuwa na adabu mno kwa kutu. Vilipangana. Vilipanda mgongo wa kitu fulani, vikashuka kwenye bawa, vikawa vidogo vikikaribia shingo. Kisha ikatoka shingo isiyo na manyoya, na kichwa kidogo chenye kishungi, na miguu miwili imekanyaga majani yaliyochongwa jani kwa jani.

"Kuku!" mumewe akapaza sauti kwa furaha.

"Kuku mama yako," akasema Shangazi. "Kuku gani mwenye madoa hivyo na pembe kichwani? Huyo si kuku, huyo ni ka—"

Cherehani ya mume ikasimama. Bi Bisibisi alikuwa ameketi, kanga mkononi, kanga mapajani, hajui amtazame yupi.

Akaishika bunduki pale kati, akasukuma wenzo mdogo. Baada ya mafuta yote yale haikulia tena; ilikunjika kiuno, taratibu, kama bibi harusi anayesalimu wakwe. Mashimo mawili yakamtazama. Punje mbili, hali ya tatu.

"'Kwani ana bawaba?'" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa chini ya meza. "Nilimuuliza, Shangazi. Nilimuuliza hivyo hivyo!"

Shangazi alikuwa amekaa juu ya kiti chenye pini za mume wa Bi Bisibisi na hakuhisi kitu. "Baba alipopofuka, mashamba yalilindwa na nani?" akajiuliza. "Nilikuwa mdogo, nikasikia milio, nikaambiwa kanga analia. Nikaamini ni hadithi. Alisema wangu. Alisema kanga wangu, wazi kama mchana, na mimi nikamsahihisha! Mama yangu hajawahi kukosea neno maisha yake yote, labda ukweli tu."

Wakacheka mpaka machozi, na machozi yalipokwisha kuwa ya kicheko yakaendelea tu.

Siku ya mtathmini chumba cha kituo kilijaa. Alikuwa mzee mkavu mwenye vidole virefu na kioo cha kukuzia kimefungwa kamba shingoni. Aliyetangulia alileta bunduki inayong'aa kama sufuria mpya; mzee akaitazama, akasikitika, ikaenda kwenye rundo. Ikafika zamu ya Bi Bisibisi. Yake haikung'aa. Ilikuwa na weusi wa kahawia, kama ngozi ya mtu mzima aliyepaka mafuta.

Mzee akaiinamia. Akakaa humo muda ambao chai ingechemka, ikanywewa, na vikombe vikaoshwa.

"Nani alisugua hapa?" akauliza, kidole kwenye kovu jeupe.

Binamu, nyuma kabisa, akakohoa kama trekta. "Ni mimi, mzee. Nilikuwa napima."

"Na hapa pote, nani hakusugua?"

"Mimi," akasema Bi Bisibisi.

Mzee akainua uso. "Mama, kutosugua ni kazi ngumu kuliko zote. Wengi huniletea vitu vimeoshwa mpaka havikumbuki vilizaliwa wapi. Hizi nukta, kila moja imegongwa kwa mkono wake. Ungepitisha brashi mara moja, ndege huyu angebaki uchi." Akageuza kioo kwenye skrubu. "Na hizi? Umezikuta zimelala hivi?"

"Nimezikuta, na nimezirudisha. Kila moja jikoni kwake."

Mzee akacheka kimya, mabega tu. "Ina historia?"

Bi Bisibisi akamwambia: mashamba, macho ya Babu, punje mbili, nguruwe aliyekufa kwa haya, na neno la mwisho kitandani. Afande alisahau miwani yake yote miwili ilipo. Bi Bisibisi alipofika pale pa "wangu" na "yangu", mzee aliiweka bunduki mezani kwa mikono miwili.

"Afande," akasema, "huyu hakatwi."

Hakusema hii. Alisema huyu. Kituo kizima kikasikia.

"Makumbusho yangempokea leo," mzee akaongeza. "Angekaa kwenye kabati la kioo, na taa."

"Ahsante, mzee. Watu waje wamwone kwangu. Ana kazi."

"Kazi gani hana pini?"

"Kukaa."

"Kukaa nako ni kazi?"

"Muulize binamu yangu. Imemshinda."

Akambeba kurudi naye mtaani, afande mwenyewe akisindikiza kwa taratibu za kazi, na Shangazi mbele anawapisha watu kama anayetangulia msafara wa mfalme. Kwenye kona wanakokaa wale waliomtania miaka yote, Shangazi akasimama, akashika kiuno. "Nyinyi! Mlisema mama yangu alimrithisha mjukuu tambara. Haya, tazameni urithi! Mimi ndiye niliyekosea, si marehemu. Kanga ni wake!"

Sasa yuko ukutani juu ya jiliwa, amelazwa kwenye vikulabu vilevile vya banda, chini yake ametandikwa ile kanga ya kitambaa, imefuliwa tena. Lile kovu la msasa limeanza kufifia, linajifunza uzee. Banda la kuku limepewa mchi kuwa komeo, na kuku wanatoka wanapotaka. Yule jogoo amepotea mara kadhaa na kurudi na tabia mpya. Bi Bisibisi bado anazing'arisha cherehani za watu, ila siku hizi kabla hajashika brashi huitazama mashine kwanza, kuiuliza.

Na mteja akiingia, akainua macho, akauliza, "Fundi, hiyo ndiyo ile kanga wanayoisema?" Bi Bisibisi haweki chini bisibisi yake. Anatikisa kichwa tu kama Bibi yake alivyokuwa akifanya.

"Si ile," anasema. "Yule."